Mkono nilioukata kwenye foto ya gorila

Wandugu, wengi wenu mnaikumbuka ile foto ya gorila niliyoweka hapa. Dume limekaa, kichwa kimeinama kidogo, majani yote mbele yake yamefunguka kama pazia, na macho yake yanakutazama. Mliipenda. Mwenzetu mmoja aliandika chini yake: "Hii njo Kongo yetu, uzuri ambao mtu hajagusa." Mwingine aliniomba ile kubwa aichapishe, aitundike saloni kwa mama yake. Sitadanganya, nilifurahi. Ukiwa na lisansi ya agronomia na dosye zako za kuomba kazi zimelala kwenye maofisi bila jibu, halafu siku moja watu mia wanakusifu kwa kitu ulichofanya na telefone, unafurahi kabisa.

Leo nataka kuikosoa ile foto. Naweza kuikosoa kuliko mtu yeyote juu najua kitu ambacho ninyi hamkukiona. Yale majani hayakufunguka yenyewe. Upande wa kuume, chini, kulikuwa mkono. Mkono wa mtu mzima, wenye matope mpaka kwenye kiwiko, umeshika tawi na kulivuta pembeni. Niliukata kabla ya kuituma.

Naeleza namna ilivyokuwa. Ilikuwa kabla ya vita kufika hapa mjini Februari 2025. Rafiki yangu mmoja anayepanga safari za wageni alinipigia simu usiku: ana wageni wanne, wote wapiga foto, wanataka kuingia Kahuzi-Biega siku mbili, na mkalimani wake ameanguka malaria. Mimi nina Kifaransa, Kiingereza cha kusukuma-sukuma, Kiswahili na Mashi. Nikakubali kabla hajataja pesa.

Mnaijua njia. Unatoka mjini, unapita Mudaka, ukifika Miti unaacha barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu na kupanda kushoto mpaka Tshivanga. Kwa agronomu, ile njia ni kitabu kizima. Unapita plantasyo za chai na za kinkina, mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, halafu vishamba vya maharagi na mihogo vimebanwa kati ya plantasyo na mpaka wa parki, vingine havizidi upana wa uwanja wa volebol. Wamama wanashuka na makala mgongoni, kamba imeshikwa na paji la uso. Katika gari yetu mlikuwa apareyi nane au tisa. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye mfuko mpaka tulipopita kizuizi cha parki. Yaani kwa wale wageni safari ilianzia pale. Sisemi ni watu wabaya, walikuwa wapole, walinigawia biskuti zao. Ila niliona kwamba foto ilianza kukatwa barabarani, kabla hata apareyi haijawashwa.

Sheria za kutembelea magorila si nyingi: kundi la watu wachache, wanane ndio wengi, saa moja tu mbele ya familia, umbali wa mita saba au zaidi, maski usoni, flashi hapana, mwenye mafua anabaki nyuma. Gorila anashika magonjwa yetu kirahisi, na mafua yanayokuchosha wewe siku tatu yanaweza kumwua yeye. Hapa nilijifunza kitu ambacho hakiandikwi kwenye matangazo ya safari. Mwenye lenzi ndefu ya bei ya gari anaweza kutii umbali bila shida, juu lenzi inamletea uso wa gorila mpaka mapajani pake. Anayesumbua ni mwenye telefone. Telefone inataka usogee. Mara mbili kiongozi alimvuta mtu nyuma kwa kola, na mara ya pili yule mtu alikuwa mimi.

Kazi yenyewe ya kupiga foto mule ndani ni ngumu, tuiheshimu. Msitu wa juu ni giza hata saa tano za asubuhi. Ukungu unaingia, mvua inashuka bila kupiga hodi. Halafu mnyama ni mweusi. Apareyi imefundishwa kufikiri kwamba dunia yote ni ya kijivu. Ikiona mwili mweusi umejaa mbele yake inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na gorila anatoka kama amepakwa majivu. Mgeni mmoja alinionyesha namna ya kushusha mwanga kwa mkono mpaka manyoya yarudi kuwa meusi na macho yabaki na nukta ya mwanga. Ile nukta ndiyo kila kitu. Bila yake jicho limekufa. Nilifanya hivyo hivyo na telefone yangu, ndiyo maana mliniandikia kwamba macho "yanaongea".

Lakini kabla ya mwanga, kabla ya nukta, ni lazima mtu akupeleke mbele ya gorila. Magorila wanatandika kitanda kipya kila usiku. Mapistere, wale wanaofuata nyayo, wanatoka asubuhi sana, wanaanzia pale familia ilipoachwa jana, wanatafuta vitanda vya usiku, wanapima kama mavi bado yana joto, wanaangalia bua lililotafunwa limekauka kiasi gani. Wakati wageni wanakunywa kahawa Tshivanga, kazi nusu imeisha. Kwetu alikuwa Mzee mmoja, Mutwa, mfupi, mkimya, bote zake zimepasuka kisigino. Jina lake silitaji hapa, sikumwomba ruhusa. Nitamwita Mzee tu.

Yule Mzee hajawahi kumiliki apareyi, lakini anasoma lenzi kuliko mimi ninavyosoma ramani ya udongo. Anatazama mgeni amepiga magoti wapi, anatazama gorila ameelekea wapi, anajua jani lipi litaingia katikati. Hafyeki ovyo. Anachagua tawi moja, anazunguka pembeni polepole huku akitoa ile sauti ya kukoroma ya kuwatuliza, analivuta, anangoja. Dume likakaa, likageuka. Apareyi nne zikaanza kulia kama mvua kwenye bati.

Halafu mgeni mmoja akaninong'oneza: mwambie atoe mkono, unaingia kwenye foto.

Nikatafsiri: "Mzee, banasema utoshe mukono, unaingia mu foto."

Akanijibu bila kugeuka: "Nikitosha mukono, majani inarudi. Bachague."

Nikatafsiri tena. Wakacheka kidogo, kwa heshima. Yule mgeni akasema si kitu, tutaukata nyumbani. Ndivyo tulivyofanya wote watano. Na mimi, niliyekuwa nimesikia lile neno kwa lugha yake kabla ya kuligeuza, niliukata wa kwanza, usiku ule ule, ndani ya gari, kabla hatujafika Mudaka.

Sasa tuzungumze juu ya msitu bila watu. Mwenzetu aliyeandika "uzuri ambao mtu hajagusa" hakukosea kusoma foto. Foto ndiyo ilimwambia hivyo. Kosa liko kwenye foto. Na kosa lile lina historia hapa kwetu, na historia yenyewe, ajabu, inaanza na mpiga foto. Aliyepigania sana parki ya Kahuzi-Biega ianzishwe mwaka 1970 alikuwa Adrien Deschryver, Mbelgiji, na kazi moja aliyojulikana nayo ilikuwa kupiga foto. Yeye ndiye aliyezoeza magorila kuona watu, na dume aliyeitwa Kasimir alipigwa filamu iliyozunguka dunia miaka ya 1970. Mpaka leo watu wanasimulia namna Deschryver alivyomleta gorila mtoto yatima mbele ya kundi la porini, na Kasimir akaja kumchukua. Ni mtu aliyefanya mambo makubwa, na sina haraka ya kumhukumu. Bila yeye pengine nisingekuwa na dume la kupiga foto.

Parki ilianza na kilometa za mraba karibu 600. Mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka karibu 6,000, ikashuka mpaka msitu wa chini upande wa magharibi. Batwa waliokuwa wakiishi mule walitolewa katika miaka ile ile ya 1970, bila kupewa ardhi nyingine. Maelfu ya watu. Mwaka 1980 UNESCO ikaiandika parki kwenye urithi wa dunia, mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Oktoba 2018 baadhi ya Batwa walirudi ndani kwa nguvu yao. Yaliyofuata mnayajua, miti kukatwa, makala kuchomwa, watu wenye silaha kuingilia, Batwa kuuawa, gardi wa parki nao kuuawa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Uamuzi ule tuliosoma sheria na tusiosoma tungepaswa kuujadili hapa kwenye ukurasa. Tuliweka foto za gorila.

Kwa hiyo ule msitu mtupu tunaoupenda kwenye foto haukukutwa hivyo. Ulifanywa kuwa mtupu, kiisha ukapigwa foto. Na yule Mzee aliyeshika tawi ni mtu ambaye wazazi wake walikuwa wakaaji wa mule. Sasa anaingia asubuhi na kutoka jioni, kama mimi na kama wageni, tofauti ni kwamba yeye anajua kila mto unaitwaje. Mimi nikamtoa mara ya pili, kwa kidole kimoja, juu ya kioo cha telefone.

Kuna watakaosema natia siasa kwenye foto nzuri. Basi tutazame foto nyingine za gorila ambazo siye watu wa Kivu tumekua nazo.

Ya kwanza iko kwenye pesa. Walio na wazazi wanaotunza noti za zamani watafute ile ya zaire 50,000 ya mwaka 1991. Mbele Mobutu, nyuma familia ya gorila. Wazee wa huku wanasema dume lile ni Maheshe, wa Kahuzi-Biega. Mwaka 1993 Maheshe aliuawa na majangili. Mwaka ule ule serikali ilileta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na noti ya gorila ikawa haifiki hata senti mbili za pesa mpya. Sijui foto nyingine ya mnyama iliyobebwa na watu wengi namna ile na ikamsaidia kidogo namna ile.

Ya pili ni ya Brent Stirton, Julai 2007, upande wa Virunga. Dume Senkwekwe ameuawa, amefungwa juu ya miti, na wanaume wengi wamembeba mabegani, wanapita kwenye majani marefu. Mnaijua, ilizunguka dunia yote. Ukiitazama kama mkosoaji, unaona inafanya kinyume cha foto za safari: imejaa watu. Wamebana meno, mwili ni mzito, unaona mikono zaidi ya nyuso. Wale ni watu wanaolima jirani na parki, na mambo ya makala yalikuwa nyuma ya mauaji yale. Kwa maoni yangu hakuna foto iliyotufanyia kazi kubwa kuliko hiyo, na sababu ni hiyo mikono. Inakuonyesha kwamba gorila anabebwa na watu fulani, akiwa hai na akiwa amekufa. Lawama yangu ni moja: mnyama dunia inamjua kwa jina. Wale wabebaji ni wangapi tunaowajua?

Ya tatu mliishea wenyewe mwaka 2019, selfi ya gardi Mathieu Shamavu na magorila mayatima wawili wamesimama nyuma yake kama vijana wanaongoja basi. Mmoja wao ni Ndakasi, aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa amemshika mama yake aliyeuawa, na aliyekufa Septemba 2021. Ile selfi inachekesha, na mimi niliicheka. Ina kitu kimoja ambacho foto za safari hazina: mwenye kazi ndiye aliyeshika telefone, akajiweka mbele. Ubaya wake ni kwamba watu walijifunza kutaka selfi na gorila. Wale wawili walikuwa mayatima waliolelewa na binadamu, wa porini usimkaribie hivyo hata siku moja.

Zaidi ya hizo, foto za safari za kuongozwa zinafanana zote. Uso umejaa, nyuma weusi, jicho lenye nukta, mkono wa mtoto kwenye kifua cha mama. Nimepitia mamia yake nikijaribu kujifunza. Huwezi kujua ni Kahuzi-Biega, ni Bwindi, ni Rwanda. Na gorila wa kwetu, yule anayeitwa wa Grauer kwa jina la Mwaustria mmoja, anaishi Kongo tu, hayuko nchi nyingine yoyote duniani. Kumpiga foto bila mahali ni kumnyang'anya jambo linalomtofautisha.

Hapa naomba niongee kama agronomu, vumilieni. Tazameni tena foto yangu, nyuma ya dume. Yale majani mabichi yanayoshuka kama maporomoko, mliyoandika kwamba ni "msitu wa Edeni", karibu yote ni mmea mmoja unaopanda, Sericostachys scandens. Ni wa ukoo mmoja na lengalenga tunayokula. Ni wa hapa hapa, haukuletwa kutoka nje. Lakini katika upande wa juu wa parki umeenea kupita kiasi. Unapanda juu ya miti na mianzi, unaifunika, unaziba mwanga, na miti michanga chini yake haikui. Watafiti wameufuatilia miaka mingi. Unapenda mahali palipofunguka, kwa hiyo kila mti uliokatwa unaufungulia mlango. Wapo wanaoona kwamba kutoweka kwa tembo kuliusaidia pia, juu tembo ndio waliokuwa wanaukanyaga na kuurarua. Tembo wa upande ule walikuwa mamia, wakauawa karibu wote katika vita vya mwisho wa miaka ya 1990. Wakati ule ule magorila wa upande wa juu walishuka kutoka karibu 250 mpaka karibu 130. (Kwamba koltani ilipandisha bei wakati ule, na kwamba telefone yangu nayo ina koltani, mmeshasoma sana, naipita.)

Kwa hiyo ile rangi ya kijani tuliyoisifu ni alama ya ugonjwa. Kama shamba la mtu lingeonekana vile, limefunikwa na mmea mmoja, tungesema amelitelekeza. Kwenye foto tunasema pepo. Mimi nilijua jina la ule mmea, niliusomea, na sikuandika hata mstari mmoja chini ya foto, juu nilijua ungeharibu uzuri. Hilo linaniuma kuliko lile la mwanga na giza.

Ni kweli kwamba foto hizi zinalipa. Tiketi ya mgeni inasaidia kulipa gardi na mapistere, Mzee akiwemo, na siku wageni hawaji, njaa inaanzia kwake, haianzii kwa mpiga foto. Ni kweli pia kwamba dunia ilikubali kumsikiliza gorila huyu kwa sababu ya uso wake. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria wamebaki 3,800 tu, akawekwa kati ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Mwaka 2021 hesabu ikarudiwa kwa maeneo mengi zaidi, ikafika karibu 6,800. Huwezi kupata pesa za kuhesabu wanyama wasiojulikana sura. Na kuhesabu kwenyewe kunataka foto: kila gorila ana mikunjo yake juu ya pua, kama sisi alama za vidole, na watu wa kazi hiyo wanawatambua kwa pua. Foto zao ni mbaya, zimetikisika, nusu ni jani. Kuna pia zile apareyi zinazofungwa kwenye mti na kujipiga zenyewe kila kinapopita kitu. Hizo hazichagui. Zinapiga swala, zinapiga sokwe, zinapiga mwindaji na mitego yake, zinapiga mama anayetafuta kuni. Kama ningepewa ukumbi wa kuonyesha foto za Kahuzi-Biega hapa Bukavu, ningejaza ukuta mzima na hizo, halafu zile za macho ningeziweka mlangoni, watu wazipite haraka.

Sasa sababu iliyonifanya niandike.

Miezi michache baada ya ile safari nilikuwa sokoni Miti, nimefuata mbegu za maharagi kwa ajili ya kikundi cha wamama. Mtu akanigusa bega. Alikuwa Mzee, bila bote, amevaa koti la kanisani.

"Agronomu, foto yangu iko wapi?"

"Foto gani, Mzee?"

"Ile niko nashika tawi. Gorila iko nyuma."

Nikatoa telefone, nikamwonyesha ile mliyoipenda. Akaishika kwa mikono miwili. Akatazama sana. Halafu akaweka kidole juu ya kioo, akavuta kuelekea kushoto, mara moja, mara mbili, kama vile foto inaendelea upande ule na yeye atatokea. Ikaja foto nyingine, ya harusi ya dada yangu. Akanirudishia.

"Hii ni ya gorila," akasema.

Nikamwuliza alikuwa anaitaka ya nini. Akaniambia watoto wake wote walizaliwa huku inje, hakuna aliyezaliwa ndani, na wanafikiri anapoongea juu ya msitu anaongea hadithi za zamani. "Nilitaka baone mukono yangu mule." Hakukasirika. Aliniuliza bei ya mbegu, akaenda.

Ile ya mwanzo siko nayo tena. Telefone yangu ilijaa, nikafuta, nikabakiza ile iliyokatwa juu ndiyo ilikuwa "nzuri". Nimeandikia wale wageni wanne. Wa kwanza alijibu baada ya siku kumi, kwa upole sana, kwamba foto zenye mikono hazitunzi, anazifuta jioni ile ile anapochagua. Wa pili alinitumia hamsini, zote za uso. Wawili hawajajibu bado.

Lakini jioni ya safari, kabla sijaikata, niliiweka kama ilivyo kwenye status yangu ya WhatsApp, dakika kumi hivi, kiisha nikaitoa. Najua baadhi yenu mna tabia ya kuchukua foto kwenye status za watu. Safari hii sitalalamika. Tazameni kwenye telefone zenu, hata za zamani zilizovunjika kioo, hata kama ni ndogo na haionekani vizuri. Upande wa kuume, chini, kuna mkono wenye matope umeshika tawi. Mwenye nayo anitumie kwa faragha. Nitaichapisha kwa pesa yangu, na Mzee huwa anashuka Miti siku za soko.